Hodi Kisiwani Uzi

Saa kumi na mbili kasoro, umande haujakauka,
nimesimama chini ya mkungu
nasubiri kima wajisaidie.
Ussi Pandu anapita na jembe begani:
"Kazija, skuli yote ile mpaka Beit el Ras,
ukarudi kuokota mavi?"
Namwambia ndiyo, tena mabichi.
Ya jana hayanifai.

Vichupa vya msimu huu vimefika ishirini na saba,
vimo frijini baina ya pweza na sharubati ya ukwaju.
Mama hufungua mlango kwa bismillahi,
akaufunga kwa astaghafirullahi.

Wenyewe kima hawana habari.
Mgongo rangi ya kutu, nywele za utosini wima
kama mtu aliyeamshwa kwa mayowe,
huteremka hadi kwenye tanuri la Mcha Foum
wakakwapua makaa, wakakaa kitako
wakatafuna, taratibu, kama bibi na tambuu yake.
Majani ya mkungu yana ukali wake; makaa huutuliza.
Watu wa kale waliwaita punju, wenye sumu,
wakasema mbwa akimla atanyonyoka manyoya.
Lakini sumu ya jina haimkingi mtu.

Majibu ya msimu uliopita yalichukua miezi kumi na mmoja:
kurasa na kurasa za herufi nne,
zinajirudia
kama mtoto wa chuoni aliyekwama aya moja.

Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia:
mwili ni nyumba, mama,
na maradhi si mwizi wa kuvunja, ni mgeni, hupiga hodi.
Ndani kuna bawabu achunguliaye dirishani:
huyu namjua, huyu simjui,
huyu ndiye aliyemuua shangazi.
Kila bawabu ana sura alizozikariri.
Wakiwa wa koo mbalimbali, mbaya hapiti,
akisahaulika na huyu, yule atamkumbuka.
Kule Jozani kila nyumba ina wa kwake.
Hawa wetu, waliozungukwa na maji,
wana mabawabu watatu, ndugu baba mmoja mama mmoja,
wote wamekariri orodha ile ile.
Siku akija mgeni asiyekuwemo,
nyumba zote zitamwitikia karibu
usiku mmoja.

Mama akapuliza makapi.
"Si wakatafute wachumba mbali?"
"Wapi? Huku bahari, kule mashamba ya mihogo,
na wakivuka huko, lami. Mwaka huu imeshalaza wanne."
Akacheka. "Basi ndiyo hivyo, binamu nyama ya hamu."
Kisha sote tukanyamaza,
maana barua ya mjomba, ya kumposea mwanawe Khatibu,
ilikuwa juu ya kabati siku ya tisa
haijajibiwa.

Chembe ya mchele ilimdondoka, akaitafuta muda mrefu.

Leo bamvua. Maji yamekupwa mpaka
mizizi ya mikoko imebaki uchi kama vidole vya mtu mzima,
na njia ya kwendea Unguja Ukuu inang'aa matope.
Juu ya mkandaa wa mwisho, upande wetu,
kakaa jike changa, peke yake,
sikio la kushoto lina pengo.

Mimi nami ni bawabu.
Sura za hapa zote ninazo, sitini na nne,
na mwenye kovu, na mwenye chongo, na yule mlafi wa makaa.
Hii sijapata kuiona.

Ametoka wapi, na nani kamfukuza,
kavuka vipi bila ya mti wa kushika?
Matope yamemganda hadi mapajani.
Anautazama mkungu wetu, anatazama nyuma,
na maji kule nyuma yameshaanza kurudi.

Sikusema karibu, asije akashtuka.
Nilishusha pumzi tu, nikachutama.

Kikadondoka kitu kwenye jani kavu.
Kidogo, cheusi, bado kinafuka moshi.

Nikafungua kichupa cha ishirini na nane.