Nukta ya Kijani

Saa kumi na mbili unusu, Tacuarembó.
Jalidi imevitia vioo ukungu.
Nawasha jiko la kuni kwenye chumba cha walimu,
naweka birika, nachota majani ya mate,
ndipo nafungua kompyuta
na kuwahesabu watoto wangu wa kioo:
mia sita na kumi na wanne.

Mia sita na kumi na watatu hawajambo.
Wamenywa umeme usiku kucha,
wameshonewa viraka nilivyowatumia saa nane
wakati wenyewe wakikoroma.
Mmoja yuko mbali.

Kazi yangu haina sifa.
Nafunga milango ambayo hakuna aliyeiona ikiwa wazi.
Nywila iwe ya tarakimu sita,
na si moja mpaka sita kwa kufuatana, Wilmar, nimeshakwambia.
Kamera hulala wakati wa mtihani.
Michezo ya bunduki husubiri nje ya geti.
Mwalimu Eulalia huniita bawabu.
Wanafunzi wana jina jingine; hilo silisemi.

Na ipo kanuni:
kishikwambi kisichogusa mtandao wa shule siku thelathini
kijifunge chenyewe, kioo kiwe cheusi,
kisha maandishi meupe:
*Mimi ni mali ya shule. Nirudishe.*
Sentensi hiyo niliitunga mimi,
mwaka ule vishikwambi arobaini vilipouzwa mpakani
kwa bei ya jozi ya viatu.
Sijuti.

Lakini namba 387 ni ya Dardo Cuadro, darasa la sita.
Baba yake hunyoa kondoo.
Msimu wa sufu ukifika, familia nzima hupanda lori
pamoja na mashine, magodoro na mbwa,
shamba hadi shamba, mpaka kondoo waishe.

Nukta yake ya kijani huwaka penye mwinuko tu.
Jumatatu, karibu na Tambores.
Alhamisi, njia ya Valle Edén.
Halafu kimya siku sita, nikasema: basi, kimeibwa.
Jumapili usiku, saa tatu na dakika nane,
ikawaka juu ya kilima kisicho na jina kwenye ramani yangu.
Dakika nne.
Ikameza zoezi la sehemu, ikatema lile la wiki iliyopita.
Saba kati ya kumi.
Giza tena.

Ramani haionyeshi mtoto.
Mimi ndiye niliyemweka pale, juu ya jiwe,
mkono juu, kama anayepima mvua.

Kaka yangu Ademar hubeba magogo ya mikalitusi.
Simu ya kampuni inajua amesimama wapi, na kwa muda gani.
Siku moja alisimama dakika kumi na tisa kando ya barabara.
Bosi akapiga: kuna nini huko?
Mama alikuwa amefariki alfajiri ile,
na Ademar alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani.
Akajibu: *Tairi.*

Tangu siku hiyo, nikifungua ramani
nainamisha macho kidogo,
kama apitaye mbele ya dirisha la watu.

Leo ni siku ya ishirini na tisa.
Mkuu wa shule amepita, koti begani:
sheria ni msumeno, Nélida, hukata mbele na nyuma.
Ni kweli. Na mpini nimeushika mimi.

Kipo kitufe cha kuongeza siku.
Ukikibonyeza, kisanduku hufunguka: *Sababu.*
Hakikubali kuachwa kitupu.
Nikatazama birika likitoa mvuke.
Nikaandika: *Tairi.*
Mfumo ukashukuru.

Jumapili nukta imewaka tena,
kaskazini zaidi, dakika tatu.
Sita kati ya kumi.
Amesahau kurahisisha sehemu, yule mtoto.
Akirudi nitamgombeza.