Leo Sikununua

Alfajiri, Mwaloni Kirumba.
Karabai za mwisho zinazimwa majini
na mimi nimekalia debe tupu,
daftari magotini,
kalamu nimeifunga kwa uzi wa nyavu isinitoroke.

Daftari ni la hesabu, la mwanangu Misoji.
Kurasa za mbele ni jedwali la saba na la nane.
Za nyuma ndizo zangu. Nimeandika kwa herufi kubwa
kama ninayemwandikia kiziwi:

NUNUA GIZANI.
UZA MBALAMWEZI.

Basi. Ujuzi wangu wote ni huo.
Mwezi ukifa, dagaa huifuata taa ya mvuvi kama wajinga,
boti za Ukara zinarudi zimelemewa
na bei inalala kama mbwa wa mchana.
Mwezi ukijaa, taa haimdanganyi yeyote,
nyavu zinaanikwa,
na hata mwenye kiburi ananiita mama.

Chini yake, kwa wino mwekundu,
zipo tatu nilizozilipia:
Usinunue usichokivunja kwa vidole. (Dagaa mkavu hulia; mwenye maji hujipinda.)
Gunia likishuka elfu tano chini ya ulivyonunua, uza. Usibishane nalo.
Ada ya Misoji si mtaji.

Nilizilipia, nasema.
Ilisemwa Wakongo wanakuja na malori sita.
Nani alisema? Kila mtu. Ndiyo maana niliamini.
Nikabeba magunia arobaini, ada ikiwa humo ndani.
Malori hayakuja.
Bei ikashuka elfu tano, nikasema itarudi.
Ikashuka kumi, nikasema sasa hasara ni kubwa mno, siwezi kuuza.
Sikia maneno hayo!
Ndivyo mtu anavyozama
kwenye maji ya magoti.
Kisha mvua ikavuka ziwa, ikapenya bati la stoo,
na mzigo nikamuuzia mtu wa chakula cha kuku, Nyakato.
Hakunicheka. Alipima tu.
Misoji akakaa nyumbani muhula mzima, Kitangiri, kati ya mawe,
akikariri jedwali la nane kwa sauti
nami nikiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Leo mwezi una siku tisa.
Magunia yangu kumi na nane nimeyauza
kwa bei niliyoiandika wiki mbili nyuma,
wakati hakuna aliyekuwa akipiga kelele.
Kazi imekwisha. Ningekwenda kunywa chai.

Lakini bei bado inapanda,
na Bugingo ananunua, mjane wa Masalu ananunua,
wachukuzi wanakimbia na magunia kama nyumba inaungua.
"Mama Misoji, umelala? Kesho utanunua kwa bei ya nyama!"
Mkono unaniwasha. Sisemi kwa mafumbo, ni kiganja hasa,
hiki cha kulia, chenye magamba.
Moyo nao umegeuka wakili:
kumi tu, mara moja tu, nani atajua?

Nahesabu korongo juu ya paa la mizani.
Kumi na mmoja.
Nao wanangoja, ila wao hawana daftari.
Nahesabu tena.
Nakwenda kunywa chai.

Jioni gunia limeongezeka elfu nne.
Kicheko cha Bugingo kinasikika hadi Igogo.
Labda na kesho atacheka; hilo sikuahidiwa kulijua.
Naandika: Leo sikununua. Bei imepanda. Sheria nzima.

Misoji anasoma akiwa nyuma ya bega langu.
"Kwa hiyo, mama, tumepata au tumekosa?"
Namwambia alete sahani.

Nje mwezi unazidi kunona juu ya mawe,
nami nahesabu kwa vidole siku za kuufikisha kufa:
kumi na tano,
labda kumi na sita.