Kabla ya Saa Tatu

Nelima, chaji simu usiku huu.
Kesho usiniambie stima ya Butere ilipotea.
Stima ya Butere imekuwa ikipotea tangu nikiwa mwanagenzi kama wewe,
na sijaona bado jalada lililoandikwa:
"Stima ilipotea, wakili asamehewe."

Kesi ni ya Rispa Okutoyi na mwenye trela.
Tani kumi na nane za miwa zikapimwa kumi na moja.
Ushahidi wetu umo kwenye simu ya kioo kilichopasuka:
jumbe saba, na sauti moja ya sekunde arobaini
ambamo mwanamume anacheka, kisha anasema,
"Mama, mizani haina macho."

Usizipige chapa ukadhani umeushika ushahidi.
Mimi nilidhani hivyo, mwaka juzi, Kakamega.
Nikasimama na karatasi zangu zinang'aa, rangi kamili,
wakili wa upande wa pili akainuka polepole
kama mgeni anayekwenda kunawa mikono,
akauliza kitu kimoja: "Cheti kiko wapi?"
Nani alizitoa simuni, kwa mashine gani, siku gani,
nasi tumwamini kwa lipi?
Sikuwa nacho.
Tulirudi na mteja garini, yeye na mimi,
mvua ya mawe juu ya bati la gari,
na hakuna aliyegusa redio.

Basi cheti kwanza. Simu gani, nani aliyetoa, sahihi yake.
Kisha simu yenyewe itie kwenye bahasha, uifunge, uandike tarehe.
Usimrudishie Rispa.
Mjukuu wake atafuta kila kitu
apate nafasi ya mchezo wa mpira.

Na faili uzipe majina ya watu wenye akili zao.
Nimefungua kompyuta yako jana nikakuta
"kiapo kipya", "kiapo kipya cha mwisho",
"cha mwisho kabisa", "HIKI SASA".
Kipi tulichomtumia hakimu, mwanangu?

Kama wataamua tusikizwe kwa skrini, zima sauti yako.
Usidhani umezima. Tazama.
Kuna wakili wa Mumias, simtaji,
alimwita mteja wake mwongo mbele ya kamera
akiamini anaongea na kikombe chake cha chai.
Mahakama nzima ilisikia.
Mteja pia.

Kudodosa nitakuachia wewe.
Ndiyo, wewe. Funga mdomo uendelee kusoma.
Maswali yawe mafupi, kama hatua za mtu anayevuka tope:
*Ulikuwa kwenye mizani siku hiyo?*
*Namba uliisoma wewe mwenyewe?*
*Risiti hii ni mwandiko wako?*
Kila moja isimame imara ndipo uinue mguu mwingine.
Akishasema ndiyo ya tatu, keti.

Usimuulize kwa nini.
Mimi niliwahi kuuliza, nikiwa na umri wako na suti ya kukopa.
Shahidi alikuwa amekwisha, alibaki kuzikwa tu.
Nikauliza kwa nini.
Akatoa kitambaa, akaeleza habari za mtoto wake hospitalini,
hakimu akaweka kalamu chini,
na mimi nikasimama pale nimemfufua maiti wangu mwenyewe.

Yaandike maswali kwa mkono, kwenye daftari.
Daftari haliishi moto.
Chapa nakala tatu za kila kitu, hata kama tumewasilisha mtandaoni,
maana mtandao nao una siku zake za kuumwa kichwa.

Jioni Rispa aliniuliza kama hiyo mashine itawaambia
kwamba miwa aliikata yeye, mistari yote, na panga la marehemu.
Nilimwambia hapana. Hayo atayasema mwenyewe.

Ile sauti icheze mara moja tu.
Usiongeze neno, usimtazame mwenye trela, usikohoe.
Kiache kile kicheko kizunguke mahakamani
kitafute mahali pa kuketi.

Nimesema kabla ya saa tatu.
Huyu hakimu hufika saa mbili na nusu,
na hupenda kuanza na wasiokuwepo.