Mkondo wa Pili

Saa nane na robo usiku, Kutaisi.
Theluji ya milimani inayeyuka, Mto Rioni umevimba,
na faili la mto lina baiti sifuri.

Sifuri. Nimeliuliza mara nne.
Kihisi kiko hai, taa yake inapepesa kule darajani.
Programu inayokisoma inahema.
Bomba limeungwa, na upande wa pili yupo mchujaji
anayesubiri neno moja tu, HATARI.
Mwisho kabisa mshale, faili, ukimya.

Hati hii aliiandika Otia kabla hajastaafu.
Juu yake ameacha maoni: *Inafanya kazi. Usiguse.*
Otia sasa anafuga nyuki,
simu huipokea Jumapili.
Leo Jumatano.

Nagusa.

Nakata bomba katikati, kama fundi anayetafuta palipoziba.
Programu peke yake, uso kwa uso na skrini,
inabubujika mstari baada ya mstari:
mita mbili nukta tisa, mita tatu kasoro kidogo.
Naunga bomba: kimya.
Nakata: inasema. Naunga: kimya.
Kama mtoto aimbaye jikoni,
mgeni akibisha hodi anameza ulimi.

Chai imepoa ndipo nakumbuka.
Mbele ya skrini, programu humwaga kila mstari ukiisha;
mbele ya bomba, huweka akiba.
Haba na haba hujaza kibaba,
lakini kibaba hiki ni cha baiti elfu nne na tisini na sita,
na kisipojaa hakimiminwi.
Mto umepanda sentimita arobaini
na habari zake zimekaa gizani,
zimeshaandikwa, hazijatumwa,
zinangoja idadi itimie.

Naongeza neno kwenye amri, kwa msomaji na kwa mchujaji:
mstari kwa mstari, msiweke.
Enta.
HATARI, mita tatu nukta sifuri mbili.
Faili limepata uzito.

Lakini skrini nayo inanung'unika:
*kihisi cha pili hakisomeki*, tena na tena,
na failini nung'uniko hilo halimo.
Natazama mkia wa amri ya Otia:

    2>&1 > mto.txt

Kompyuta husoma kushoto kwenda kulia, hairudi nyuma.
Mkondo wa pili uliambiwa: nenda uliko wa kwanza.
Wa kwanza, saa hiyo, ulikuwa bado kwenye skrini.
Wa pili ukaenda, ukatua.
Kisha wa kwanza ukahamishiwa failini,
na hakuna aliyeuambia mwenzake.
Ulifuata mahali. Haukumfuata ndugu.

Mwaka juzi nilimfuata Malkhazi mji huu
na cherehani ya mama, na paka ndani ya kikapu.
Mwezi wa tatu kampuni ikamhamishia Poti.
Nimebaki kwenye anwani aliyonipa,
na lawama zangu zinajiandika
kwenye skrini isiyo na mtazamaji.

Basi. Mto haungoji.

    > mto.txt 2>&1

Herufi ni zilezile, nimezipindua tu.
Sasa mshale kwanza, ufuasi baadaye,
na mema na malalamiko yanaingia daftari moja.
Kumbe kihisi cha pili kimekufa tangu Jumamosi.
Siku nne kimelia kwenye chumba kitupu.

Saa tisa kasoro dakika kumi nampigia Lamzira,
mlinzi wa ukingo, kule chini kwenye nyumba za mabati.
Anapokea kwa sauti ya mto wa kulalia.
"Mita tatu na nusu kufika alfajiri," namwambia. "Waamshe."
"Mbona hamkusema mapema?"
"Ilisemwa," nasema. "Haikuwa imemiminwa."
Hanielewi. Nasikia anatafuta viatu.

Dirisha linatetemeka kidogo.
Faili linakua, mstari, mstari, mstari.
Chini ya maoni ya Otia nachapa maoni yangu:
*Niligusa. Tsiala.*