Mti Uleule

Halina anasema Nondo wa sasa ndiye Nondo.
Kalala kifudifudi zuliani, miaka kumi na minne,
nje theluji ya Toledo imeziba nusu ya dirisha,
na kwenye runinga Nondo anapaa juu ya mji wa vioo;
kila chembe ya unga wa bawa lake
imehesabiwa na kompyuta, ikashushwa kwa zamu.
Kipya kinyemi, namwambia.
"Wivu huo, Bibi Zosia."

Wivu? Haya, tuanzie mbali.
Mwaka sitini na nane, Jumamosi, runinga ya antena iliyopinda:
Nondo yule hakuwa na fedha za kusogeza mikono.
Mdomo tu ndio uliokuwa hai,
mwili wote umekauka kama picha ya pasipoti.
Akikimbia, nyuma yake hupita mti, nyumba, bomba la maji,
mti, nyumba, bomba la maji,
mti.
Kaz, kaka yangu, babu yake huyu,
alihesabu na kijiko cha nafaka mdomoni:
mara kumi na moja, kisha adui akatiwa pingu.
Adui mwenyewe bwana wa masharubu, ameiba daraja.
Daraja! Akaliweke wapi?
Tukacheka mpaka maziwa yakatutoka puani,
Mama akaja na mwiko, akauliza nani kaanza.

Lakini kitabuni, chapa ya senti kumi na mbili
niliyoificha chini ya godoro mpaka ikanuka godoro,
Nondo ana mdogo wake.
Ukurasa wa kumi na tisa: tanuru la kiwanda limefunguliwa,
Nondo anaufuata mwanga, ndiyo asili yake,
na mdogo anamfuata Nondo.
Vyumba vinne vya picha, havina neno hata moja.
Cha nne ni cha rangi ya chungwa tu.

Wale wa sitini na nane walimfuta mdogo mtu.
Watoto wanakunywa chai, walisema labda, tusiwatie hofu.

Waliofuata walichora kwenye karatasi nyeusi,
wakaongeza mwanga kidogo kidogo, kama mtu mwenye deni.
Tuliwatazama wodini, mimi na Kaz,
runinga ndogo imening'inia juu ya miguu yake,
sauti chini kwa ajili ya mzee wa kitanda cha pili.
Ilipofika tanuru, mlango wa chuma ukafungwa
mbele ya macho yetu. Tukasikia komeo. Basi.
Mimi nikafoka: wametunyima!
Kaz akasema, "Hapana. Wametusitiri,"
akaomba maji.
Machi ile sikumaliza msimu.
Mpaka leo sijui ulikwishaje.

Na hawa wa sasa, wa Halina?
Wamemfufua mdogo mtu, sehemu ya tisa,
ana bawa moja la chuma na mizaha isiyokwisha.
Nilitaka kuzima. Nilikwishashika rimoti.
Ila mgala muue na haki umpe:
kabla ya mzaha wa kwanza, zipo sekunde tatu
ambapo Nondo anamwona mlangoni
na hajui mikono yake aiweke wapi.
Anaiinua. Anaishusha. Anajifuta kwenye suruali.
Nikamwambia Halina arudie.
Akarudia. Hakuniuliza.

Baadaye akakitafuta kile cha zamani, sijui alikotoa,
kimefifia, nyekundu imekuwa waridi.
Nikangoja adharau.
Nondo akaanza kukimbia, mikono imeganda,
mti, nyumba, bomba la maji,
na midomo ya mtoto ikaanza kucheza bila sauti.
"Kumi na mbili," akasema.

Kumi na moja, nikamwambia.
"Kumi na mbili, Bibi. Wa kwanza unapita kabla hajakimbia."

Nimesogea karibu na kioo, miwani mkononi.
Rudisha nyuma, Halina.
Babu yako alikuwa na kijiko mdomoni,
lakini hesabu aliijua.
Rudisha mwanzo kabisa, pale mti haujaja.