Shangazi Aonja Jiji

Alishuka Ijumaa alfajiri, Shangazi Taprandich,
na mkoba mmoja, kiroba cha viazi, mwavuli wa kampuni,
na miaka thelathini na mmoja ya kuchuma chai Kericho,
weusi wake haujatoka kwenye kucha.

Nilikuwa nimemwandalia orodha:
makumbusho, nyoka, paa la KICC,
nyama ya Kenyatta Market, saa na nauli pembeni.
Akaisoma yote, midomo ikicheza,
akanirudishia. "Na chai je?"

Basi tukaanza River Road, kibandani kwa Mutheu,
kikombe cha bati, andazi linalotoka jasho la mafuta.
Akanusa kwanza. Akafumba jicho moja.
"Hili ni vumbi," akasema,
"ila limechemshwa hadi likakubali."
Mutheu hakujua ametukanwa au amesifiwa.
Akatuongezea nusu kikombe, bure.

Ngara, bhajia za viazi na ukwaju,
chai ya viungo inayowasha hadi masikioni.
"Tangawizi imekalia majani, hayapumui."
Lakini bhajia alikula sahani mbili,
kisha akaitazama yangu
kama mtu anayetazama shamba la jirani.

Eastleigh, bwana mmoja, Dahir,
alimimina kutoka juu, macho yake kwa wateja wengine,
tone lisidondoke: iliki, sukari, maziwa ya ngamia.
Hapo shangazi alinyamaza.
Alinyamaza mpaka nikaogopa.
"Huyu ngamia," akasema mwishowe, "alipwe mshahara."

Jumamosi, mbugani. Simba wamelala, hawana habari nasi.
Nikamwonyesha maghorofa nyuma ya nyasi,
picha ambayo kila mgeni huipiga.
Hakuyaangalia. Alimkazia macho twiga
aliyekuwa juu ya mgunga, ulimi mrefu, taratibu.
"Tazama! Anachukua ncha tu.
Majani mawili na chipukizi, magumu anayaacha.
Huyo msimamizi angemwandika leo leo."
Akacheka peke yake mpaka langoni.

Juu ya KICC upepo ulitaka kumvua kitambaa.
"Kericho iko wapi?" Nikanyosha mkono kwa uhakika.
Akapunga, polepole, kwa watu anaowajua.
Usiku ndipo nilipogundua nilimwonyesha Thika.
Sijamwambia.

Kisha kosa langu: hoteli ya vioo, Upper Hill,
zulia linalomeza nyayo, kijana mwenye glavu nyeupe.
Maji ya moto yakaja kivyake, maziwa kivyake,
na kifuko kidogo chenye uzi na karatasi.
Shangazi akauvuta uzi, akaachia, akauvuta tena.
"Mmeyafunga kamba. Mliogopa yatatoroka?"
Kijana akasahau mafunzo yake, akacheka kwa sauti.
Bili ilipokuja niliikunja haraka,
lakini macho ya mchumaji huona jani lililojificha.

Hakusema kitu. Jioni, kando ya barabara, tulikula mutura
tumesimama, chumvi na pilipili juu ya ubao,
supu kwenye kikombe kilichozungukia vinywa vya mtaa mzima.
Moshi ukatuingia nguoni. Akaomba kipande cha mwisho,
kile chenye ncha iliyoungua.

Jumapili, kabla ya gari lake, akataka supamaketi.
Alisimama mbele ya rafu ya majani ya chai
jinsi wengine wanavyosimama kanisani.
Akageuza pakiti, akatafuta jina la mji wetu, akalipata,
akagusa bei kwa kidole,
akahesabu kimya: kikapu, mgongo, umande wa saa kumi na mbili.

Akalipa mwenyewe. Alikataa hela yangu.
"Shangazi, unabeba chai kuipeleka Kericho?"
Akaisukuma pakiti chini kabisa ya mkoba,
chini ya bhajia baridi nilizomfungia.

"Nataka wenzangu waonje," akasema,
"wajue huwa inafika wapi."