Sarafu za Zdenka

Jana kibao kilikuwa mlangoni:
"Hapa ni kadi tu."
Leo kimeng'olewa, imebaki gundi
na alama ya mraba kwenye kioo.

Sheria imepita, ilisemwa redioni:
hakuna duka hapa Queens, wala jijini kote,
litakalokataa tena noti ya mteja.

Zdenka hana redio.
Amekuja kwa ubishi wake wa kila Jumanne,
kufungua kijaluba
na kutenga senti moja moja
kama achambuaye mchele.

Anselmo, mwenye mkahawa, anajikuna kisogo.
Droo ya pesa aliiuza mwaka juzi.
Ananyakua bakuli la sukari, analimimina,
analifuta kwa aproni:
"Tia humu, mama."

Foleni inaguna, simu mikononi.
Hamsini na tano. Sitini. Sitini na...
Amepotea. Anaanza upya.

Wanasema fedha fedheha.
Miezi minane bibi huyu alinyimwa chai
na pesa anazo kiganjani.
Fedheha ilikuwa ya nani?

Chenji aliyorudishiwa inanata sukari.
Zdenka analamba kidole,
anacheka peke yake,
anatafuta kiti karibu na dirisha.